Friedrich Mohs, Mtu wa Mawe Kumi

Wapo watu ambao majina yao hutajwa darasani kila mwaka, wala hakuna aulizaye walikuwa nani. Mmoja wao ni Friedrich Mohs. Katika kitabu chetu cha Jografia ametajwa katika mstari mmoja tu, na chini yake pana orodha ya mawe kumi ambayo kila mwanafunzi huikariri. Mimi niliikariri barabara. Hata hivyo, muhula uliopita nilipopewa jiwe jeupe la kung'aa, nilitazama kwa macho tu nikaandika kwamba ni kwatzi. Kumbe lilikuwa kalsaiti. Kisu kilikuwa mezani mbele yangu, na ningalilikwaruza mara moja tu ningaliujua ukweli. Ndipo nilipotaka kumfahamu bwana huyu.

Mohs alizaliwa tarehe 29 Januari, 1773, katika mji mdogo wa Gernrode, kando ya milima ya Harz, katika nchi ya Wajerumani. Katika milima hiyo watu walikuwa wakichimba fedha, shaba na risasi tangu zamani sana. Alisoma hesabu, fizikia na kemia katika Chuo Kikuu cha Halle, kisha mwaka 1798 akaingia Chuo cha Madini cha Freiberg. Huko alifundishwa na Abraham Gottlob Werner, mwalimu mwenye sifa kubwa hata vijana walitoka pande zote za Ulaya kuja kumsikiliza.

Werner alifundisha kuyatambua madini kwa hisi za mwili: rangi yake, mng'ao wake, uzito wake mkononi, jinsi yavunjikavyo, hata harufu na ubaridi wake. Ilikuwa njia nzuri, lakini palikuwa na kasoro katika jambo la ugumu. Jiwe liliitwa gumu, au nusu gumu, au laini. Je, ni gumu kwa nani? Mchimbaji mwenye mikono ya chuma na karani wa mjini hawawezi kukubaliana juu ya neno kama hilo.

Baada ya masomo Mohs alikuwa msimamizi katika machimbo ya Harz kwa muda mfupi. Mwaka 1802 akaitwa Vienna, mji mkuu wa Austria, na tajiri mmoja wa benki aitwaye van der Nüll, ambaye alikuwa amekusanya madini mengi mno na alitaka yapangwe na kuandikwa. Mohs akaifanya kazi hiyo, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1804. Fikiri, msomaji, juu ya kabati baada ya kabati limejaa mawe, mengine yenye rangi moja lakini ni ya aina mbalimbali, mengine ya aina moja lakini yana rangi tano. Aliyapanga kwa tabia zake za nje, jinsi wataalamu wa mimea wanavyopanga majani na maua, bila kuyatia motoni wala katika asidi.

Mwaka 1811 Johann, ndugu yake Kaisari wa Austria, alianzisha katika mji wa Graz nyumba ya makumbusho na masomo iliyoitwa Joanneum. Mwaka uliofuata Mohs akawa mwalimu wa hapo. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Wilhelm Haidinger, ambaye mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 17, sawa na mimi ninayeandika haya.

Ni huko Graz alikotengeneza kipimo chake. Kulijaribu jiwe kwa kulikwaruza hakukuwa jambo jipya, kwani watu wa kale walifanya hivyo. Jipya lilikuwa kuchagua mawe kumi na kuyapanga ili kila moja likwaruze lililo chini yake, nalo likwaruzwe na lililo juu. La kwanza ni talki, kisha jasi, kalsaiti, floraiti, apataiti, feldspa, kwatzi, topazi, korandamu, na la kumi almasi. Ukucha wako hukwaruza mawili ya kwanza tu. Kisu cha kawaida hukwaruza mpaka la tano. Kwatzi hukwaruza kioo cha dirisha, na kwa sababu hiyo watu wengi wamedhani wameokota almasi! Yakuti, ambayo ni korandamu, ni ya tisa. Tanzanaiti yetu ya Mirerani, iliyojulikana mwaka 1967, ipo kati ya 6 na 7, ndiyo maana mvaaji wa pete yake huonywa asiigongegonge.

Mohs mwenyewe alikuwa mwangalifu kuliko sisi. Aliyasugua mawe juu ya tupa, akatazama unga ulioanguka na kusikiliza mlio wake. Sisi hukosea hata katika kukwaruza: jiwe laini likipita juu ya gumu huacha alama ya unga, nasi tukashangilia kwamba tumelikwaruza. Pangusa kwa kidole kwanza. Tena namba hizi ni za mpangilio tu, wala si za kiasi. Almasi haikuizidi korandamu kwa sehemu moja, bali ni ngumu kuliko hiyo mara nne hivi.

Werner alifariki mwaka 1817, na mwaka 1818 Mohs akakaa katika kiti cha mwalimu wake huko Freiberg. Mwaka 1826 akarudi Vienna kufundisha. Haidinger alikitafsiri kitabu chake kikubwa kwa Kiingereza, kikatoka Edinburgh mwaka 1825.

Lakini katika kitabu hicho Mohs alikuwa na kusudi kubwa kuliko mawe kumi. Alitaka madini yote ya duniani yawe na majina ya ukoo kama mimea, na aliikataa kemia isiingie katika kazi hiyo. Wanakemia, akiwamo Berzelius wa Sweden, walimpinga, wakasema jiwe hujulikana kwa vitu vilivyomo ndani yake. Kwa maoni yangu walikuwa na haki, maana almasi na risasi nyeusi ya penseli zote mbili ni kaboni, lakini grafaiti hiyo ina kitu gani cha nje kinachofanana na almasi? Mpango wake mkubwa uliachwa, na majina aliyoyatunga hayatumiki tena. Kile kipimo kidogo ndicho kilichobaki.

Alifariki safarini tarehe 29 Septemba, 1839, huko Agordo, mji wa machimbo kaskazini mwa Italia, akiwa na umri wa miaka 66.

Katika sanduku la maabara yetu sasa yamo mawe manane kati ya yale kumi, na tupa moja kuukuu. Topazi bado tunaitafuta. La kumi hatukulitarajia.