Delamere wa Njoro: Kutoka Zizini hadi Barazani

Ukivuka msitu wa Mau kutoka mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, utafika Njoro. Hapo, mwaka 1903, serikali ya kikoloni ilimkodisha Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, mzaliwa wa Uingereza (1870), takribani ekari 100,000. Kondoo wake walikufa kwa wingi, kwani malisho yalikosa madini. Ng'ombe wakaandamwa na maradhi. Ngano nayo ikashikwa na kutu. Hata hivyo hakukoma kufanya majaribio ya mbegu.

Kwa maoni yangu, hasara hizo ndizo zilizomsukuma kwenye siasa: mkulima mwenye madeni alihitaji serikali iliyo upande wake. Mwaka 1907 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawaongoza walowezi kudai nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Wamasai, aliojinasibu kuwa rafiki yao, walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa mwaka 1904. Ng'ambo ya Mau, Wakipsigis nao walipokonywa ardhi ambayo kampuni za chai ziliitwaa miaka ya 1920.

Delamere alifariki tarehe 13 Novemba 1931, benki zikimdai, akazikwa shambani mwake Soysambu. Baada ya uhuru sanamu yake iliondolewa Nairobi, na Barabara ya Delamere ikaitwa Kenyatta.