Charles Babbage Aujaribu Mtambo Usiokuwapo

Charles Babbage alizaliwa mjini London, Uingereza, mwaka 1791. Alipenda hesabu tangu ujana wake, akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Siku zile mabaharia walitumia vitabu vya majedwali ya hesabu zilizokokotolewa na watu. Mwaka 1821 Babbage na rafiki yake John Herschel waliyakagua majedwali fulani, wakakuta makosa mengi. Tarakimu moja tu iliyokosewa yaweza kuipeleka meli mwambani. Basi Babbage akaazimia kubuni mtambo wa kukokotoa.

Serikali ilimpa fedha nyingi, lakini alikosana na fundi wake, na mwaka 1833 kazi ikasimama. Kwa kweli Babbage hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi.

Mwaka 1834 alianza kubuni mtambo mkubwa zaidi. Ulikuwa na ghala, yaani mahali pa kuweka namba, na kinu, mahali pa kuzikokotoa. Namba ziliwekwa kwa magurudumu yaliyopangwa moja juu ya jingine, kila gurudumu likiwa na tarakimu 0 hadi 9. Kompyuta nazo zina sehemu ya kuhifadhi na sehemu ya kukokotoa.

Je, mtu atajuaje kasi ya mtambo ambao haujajengwa? Babbage aliujaribu karatasini. Alibuni alama za kuonyesha kila kipande kinasimama lini, kinakwenda lini, na kinasukumwa na kipande gani. Kwa kuzifuata alama hizo aliweza kugundua kasoro kabla fundi hajakata chuma.

Jumlisha 9999 na 1. Umechukua moja mara ngapi? Mtambo nao ungesubiri gurudumu moja lisukume la pili, na la pili lisukume la tatu. Kwa namba yenye tarakimu 40, muda mwingi ungepotea. Babbage aliisumbukia shida hiyo sana, mwisho akachora njia ya kuyasukuma yote kwa mara moja.

Alifariki mwaka 1871, na mtambo ule mkubwa haukujengwa. Lakini kati ya mwaka 1847 na 1849 alikuwa amechora mwingine mdogo zaidi, akitumia maarifa aliyoyapata. Mafundi wa Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London, waliifuata michoro hiyo, wakisahihisha makosa machache. Mwaka 1991 sehemu yake ya kukokotoa, yenye vipande 4,000, ilikamilika. Walipozungusha mkono wake, mtambo ulikokotoa namba za tarakimu 31.