Ritchie Valens: Alikufa na miaka 17, La Bamba bado inapigwa

Jina lake halisi ni Richard Valenzuela, mtoto wa familia yenye asili ya Mexico, aliyezaliwa California mwaka 1941. Kihispania chenyewe hakukijua vizuri, lakini mwaka 1958 aliuchukua wimbo wa asili wa Veracruz akautia gitaa la umeme. Ndo ikawa La Bamba. Na wala haukupewa kipaumbele: uliwekwa upande wa pili wa santuri ya Donna.

Ndege alikuwa anaziogopa. Februari 3, 1959, akiwa ziarani kwenye baridi kali, alipata kiti kwa kurushiana sarafu na mwenzake. Ndege ikaanguka Iowa, ikamuua yeye, Buddy Holly, The Big Bopper na rubani.

Mwaka 1987 Los Lobos waliurudia, ukashika namba moja Marekani. Hadi leo wanaucheza hata wasiojua neno la Kihispania.