Kabla Utoe Doo Kwa "Ndai ya Safari" Huko Magunga, Jua Kwanza Stori ya Joginder Singh

Skiza msee. Umerudi ocha Magunga wikendi, vilima vya Gwassi viko hapo nyuma, na kwa boma fulani unapata ndai mzee imefunikwa turubai. Unainua turubai. Boneti ndefu, mgongo umeinama, ile misuli ya Kimarekani umezoea kuona kwa muvi. Jaduong' mwenye boma anakuambia ilikimbia Safari Rally enzi za Mzee Kenyatta. Anataka laki tano. Na wewe hiyo doo unayo, umeiweka miaka mitatu ukibeba watu na nduthi kati ya Magunga na Sindo. Roho inaruka.

Tulia kwanza. Usitoe hata soo. Kaa hapo chini ya mti nikupe stori ya buda mmoja aliyejua kuangalia gari kuliko wengi wetu.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, kwa familia ya Kalasinga. Fathee yake alikuwa na gereji, na huyo kijana alikulia hapo akishika spana, mikono imejaa grisi. Mwaka wa 1958 akapata job na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akisaidia wenye wamekwama. Fikiria vile hiyo job inakufunza. Kila siku unakutana na gari imekufa, na lazima ujue imekufa kwa nini, hapo kando ya barabara, bila gereji. Mwaka uliofuata akaingia Safari Rally.

Safari ya siku hizo haikuwa ile ya Naivasha unayoenda kula raha na mbogi yako. Ilianza 1953, ikawa inakimbiwa wakati wa Pasaka, mvua ikinyesha, kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Karibu kilomita 5,000. Matope, mito, vumbi, ng'ombe katikati ya barabara. Gari nyingi hazikuwa zinafika mwisho.

Sasa cheki 1964. Wamarekani walituma Mercury Comet zenye injini za V8, misuli kabisa, na pesa nyingi nyuma yake. Nani alishinda? Ford Cortina, gari ndogo tu. Comet nyingi hata hazikumaliza. Volvo nayo ilileta timu ya kiwanda na PV544 zake, na mambo hayakuwaendea poa. Baada ya hapo Joginder na bro yake Jaswant wakanunua moja ya hizo Volvo, ishatumika, ishapigwa na barabara.

Kwa macho ya mtaa, hiyo ilikuwa mkebe. Ilikuwa na umbo la gari za Marekani za miaka ya 40, injini ya lita 1.8, na rekodi ya kushindwa. Lakini ilikuwa gari ya kiwanda ya ukweli, imeundwa kwa ajili ya Safari, na historia yake ilijulikana. Wakaitengeneza wenyewe. Pasaka ya 1965 wakaanza wakiwa nambari 1, na wakafika nambari 1, wakiwaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Bila pesa za kiwanda.

Na hakuishia hapo. 1974 alishinda tena na Mitsubishi Lancer ya lita 1.6, na aliyekuja wa pili alikuwa ndani ya Porsche 911. 1976 akarudia na Lancer, akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Wakenya wakamwita Simba wa Kenya. Kati ya Safari 22 alizokimbia, alimaliza 19. Hiyo ndiyo namba inanibamba zaidi, juu inakuonyesha ni msee alijua gari yake iko na nini ndani. Alituacha London Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Sasa rudi kwa turubai ya jaduong'. Simba angeangalia nini? Rangi si kitu, rangi inanunuliwa dukani. Nambari ya mashindano kwa mlango pia si kitu, fundi yeyote atakuchorea kwa lisaa limoja.

Anza na nambari ya chasisi. Tuseme ni Ford Mustang ya 1965. Nambari yake ina herufi na tarakimu 11, na ile ya tano inasema ilitoka kiwandani na injini gani. Ikiwa ni K, hiyo ni ile V8 kali ya nguvu za farasi 271. Ikiwa ni T, ilizaliwa na silinda sita za kawaida, hata kama leo kuna V8 inanguruma hapo ndani. Zote ni Mustang, lakini bei haziko karibu. Angalia pia kama bati lenye nambari limekatwa na kuchomelewa upya. Ukiona hivyo, jitoe.

Pili, makaratasi. Saka usajili kwa NTSA kupitia eCitizen, uone kama jina la mwenye gari ni la huyo anayekuuzia, na kama nambari ya chasisi na ya injini zinaingiana na zile umesoma kwa chuma.

Tatu, hiyo hadithi ya Safari. Gari iliyokimbia Safari iliacha alama: picha, majina kwa orodha ya walioanza, magazeti ya Pasaka ya mwaka huo. Uliza mwaka gani, dereva nani, nambari gani mlangoni. Kisha nenda utafute. Mtu akikosa kukujibu hata moja, basi unauziwa stori na gari unaongezewa.

Na usimdharau jaduong'. Pengine na yeye alidanganywa aliponunua. Mpe heshima yake, kunywa chai, muulize polepole. Ikibainika ni kopi, si lazima uiache. Kopi nzuri bado ni ndai nzuri, ilipie tu bei ya kopi. Ikiwa ni ya ukweli, na mabati yameoza na injini imeshika, hapo ndipo unakumbuka wale ndugu wawili na Volvo yao iliyokuwa imechoka.

Miaka mitatu ya nduthi ni mingi, mtu wangu. Lala chini ya hiyo gari na tochi kabla doo itoke mfukoni.