Sheikh Abdalla Farsy na suali la mshahara

Siku hizi kijana akimaliza chuo kikuu, suali la mwanzo analoulizwa ni moja tu: kazi hiyo ina mshahara gani? Mimi nasomesha dini hapa Tumbe, Pemba, na wanafunzi wangu huniuliza suali hilo hilo. Wanamuona mchuuzi katika soko letu la samaki, bahari ikitoa, anapata kwa asubuhi moja kile ambacho mwalimu hukingojea siku nyingi. Siwalaumu. Ila nawaomba, kabla hawajaamua, wamzingatie Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Allah amrehemu.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma skuli na huku akihudhuria darsa za masheikh wa mji. Mwaka 1933 akaanza ualimu, na baadaye akawa mkaguzi wa skuli za Unguja na za huku kwetu Pemba. Kuanzia 1960 hadi 1967 alikuwa Kadhi wa Zanzibar. Kisha akahamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo. Alifariki Oman mwaka 1982.

Ukiishia hapo utamuona mtu aliyepanda vyeo tu. Lakini tujiulize: leo nani anamkumbuka kwa daraja la mshahara wake? Anakumbukwa kwa mambo ambayo mshahara haukumlazimisha kuyafanya. Mwaka 1942 alitoa kitabu juu ya Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1972 kikatoka kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na lau si yeye, habari za wengi wao zingepotea.

Kubwa kuliko yote ni Qurani Takatifu, iliyochapwa Nairobi mwaka 1969. Kabla yake Waswahili walikuwa na tafsiri ya padri Godfrey Dale ya mwaka 1923, na ile ya Maahmadiyya ya 1953. Sheikh aliliona pengo hilo akalijaza. Mtu anayefanya kazi kwa kutazama saa hawezi kufasiri juzuu 30.

Cheo chake kilibadilika na nchi ikabadilika, lakini kazi ilikuwa ile ile: kuwafahamisha watu dini yao kwa lugha yao. Huko ndiko kuridhika na kazi.

Isifahamike kuwa natetea mishahara midogo. Sheikh aliajiriwa na akalipwa, na hapana aibu katika hilo. Ziko kamati za madrasa ambazo mwalimu akidai chake huambiwa malipo yake yako kwa Allah, ilhali fundi aliyeezeka paa la madrasa hiyo amelipwa siku ile ile. Hiyo ni dhulma. Kuridhika ni kwa mwalimu mwenyewe, si fedha ya kamati kumlipia.

Kwa hiyo, vijana wangu, ulizeni mshahara, ni haki yenu. Lakini litangulizeni suali jengine: ni kazi gani nitaifanya kwa moyo hata siku ambayo hakuna anayenisimamia? Mshahara wa Sheikh ulikoma zamani. Tafsiri yake ingali inafunguliwa majumbani mwetu.

Wallahu a'lam.