Akii-Bua: kutoka Munich hadi Mulago

Tarehe 20 Juni 1997, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alifariki mgane wa miaka 47 aliyeacha watoto 11. Alikuwa ofisa wa polisi na kocha wa riadha. Zamani, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia mita 400 kuruka viunzi chini ya sekunde 48.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika boma la baba mwenye wake wengi na watoto zaidi ya 40. Kijana akaja Kampala, akajiunga na polisi, na huko mbio zake zikaonekana. Kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, akamtoa kwenye viunzi vya mita 110 na kumweka kwenye mita 400. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alishika nafasi ya nne. Akarudi mazoezini, akipanda vilima na fulana iliyotiwa vyuma vya uzito.

Wamarekani wana biashara ambayo mchuuzi wa mpakani angeistaajabia: kadi kuukuu za wachezaji wa besiboli. Kadi ya Honus Wagner, iliyotiwa bure ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7, kwa kuwa zilizobaki ni chache mno. Wakusanyaji huzipanga kadi kando kwa kando, wakilinganisha picha na takwimu.

Wapangwe basi mabingwa watatu wa Olimpiki wa viunzi. David Hemery wa Uingereza, Mexico 1968: sekunde 48.12. Akii-Bua, Munich 1972: 47.82. Edwin Moses wa Marekani, Montreal 1976: 47.63. Kila mmoja aliweka rekodi ya dunia siku hiyo, na kwa hesabu hizo Mganda anakaa katikati.

Lakini hesabu hazisemi yote. Hemery alikimbia katika hewa nyepesi ya mlimani. Akii-Bua alipewa leni ya kwanza, ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali na wakimbiaji wengi huilalamikia. Hemery alitangulia kwa kasi. Akii-Bua akamkamata, akampita, akashinda, kisha akaendelea kuzunguka uwanja akiruka viunzi visivyokuwepo. Na mwaka 1976 hakuwepo Montreal, maana nchi za Afrika zilisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Moses alikuwa hodari kupita kiasi, na pengine angeshinda hata hivyo. Ila mbio hizo hazikukimbiwa.

Nyumbani, Idi Amin alimpa nyumba, na barabara ya Nakasero ikaitwa kwa jina lake. Wakati huohuo, Walango wengi waliokuwa jeshini walikuwa wanauawa kwa sababu ya kabila lao. Akii-Bua aliishi katikati ya hayo mawili: bingwa wa serikali na mtoto wa watu wanaowindwa. Amin alipoanguka mwaka 1979, akavuka mpaka na familia yake kuingia Kenya, akawekwa kambini pamoja na wakimbizi wengine. Medali ya dhahabu si hati ya kusafiria. Aliyemkumbuka ni kampuni ya viatu ya Puma, iliyomsaidia kufika Ujerumani Magharibi na kumpa kazi.

Mwaka 1980 aliikimbilia tena Uganda mjini Moscow, lakini miaka ilikuwa imeshakwenda, hakufika fainali. Baadaye akarudi nchini, akavaa tena sare ya polisi na kufundisha vijana.

Serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Uganda ilisubiri hadi 2012, miaka 40 baada ya Munich, kupata dhahabu yake ya pili ya Olimpiki, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London.