Louis Braille na Nukta Sita

Katika Shule ya Msingi Mwereni, mjini Moshi, watoto wasioona hukaa darasa moja na wenzao wanaoona. Mlima Kilimanjaro hawauoni, lakini neno Moshi hulisoma kwa ncha ya kidole. Ndugu mwalimu, mtu aliyewafungulia mlango huo alikuwa mwalimu kama wewe. Yafaa maisha yake yajulikane katika vyuo vyetu, kwa maana kazi yake ni somo la ufundishaji kabla ya kuwa jambo lingine lolote.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu alichezea zana za ngozi katika karakana, na chombo chenye ncha kikamchoma jicho. Maradhi yakahamia jicho la pili, na alipotimu miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Hata hivyo alipelekwa katika shule ya kijiji, akajifunza kwa kusikiliza. Mwaka 1819 aliingia chuo cha vijana wasioona mjini Paris, chuo ambacho asili yake ni shule iliyoanzishwa na Valentin Haüy mwaka 1785.

Vitabu vya chuo hicho vilikuwa vya herufi za kawaida zilizovimbishwa juu ya karatasi. Vilikuwa vikubwa na vizito, navyo vilisomwa polepole mno. Kosa lake ni kosa tulifanyalo hata sisi: aliyevitunga alifikiri kwa macho yake, hakufikiri kwa kidole cha msomaji. Tena mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia ile.

Mwaka 1821 chuo kilipata habari za mwandiko wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, aliyekuwa mwanajeshi. Ulitumia nukta kumi na mbili, ukafuata sauti badala ya tahajia. Nukta hizo zilikuwa nyingi kupita upana wa kidole. Braille alizipunguza, akajaribu na kujaribu tena, na mwaka 1824, akiwa na miaka kumi na mitano tu, alikuwa amefikia nukta sita: safu mbili za wima, kila moja nukta tatu. Alichapisha mfumo wake mwaka 1829.

Hapa mwalimu na atulie kidogo. Zihesabu nukta za kushoto 1, 2, 3 kutoka juu, na za kulia 4, 5, 6. Herufi m ni nukta 1, 3, 4. O ni 1, 3, 5. S ni 2, 3, 4. H ni 1, 2, 5. I ni 2, 4. Herufi imekwisha kuwa orodha ya namba. Kipande cha trei ya mayai chenye mashimo sita, pamoja na buni chache, chatosha kulionyesha jambo hili darasani. Sasa zipe nukta hizo thamani 1, 2, 4, 8, 16 na 32, kisha jumlisha zilizojaa: neno Moshi lageuka kuwa safu ya namba 13, 21, 14, 19, 10. Hivyo ndivyo kompyuta inavyoweza kuihifadhi kila seli ya nukta nundu, na hakuna herufi mbili zenye jumla moja. Utaratibu nao waonekana: kuanzia k hadi t huongezwa nukta 3 juu ya herufi kumi za kwanza, yaani thamani 4, a ni 1, k ni 5. Herufi w peke yake yavunja mpango huo, kwa kuwa Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, nasi Waswahili twaihitaji kila mstari.

Braille mwenyewe alijua nguvu ya namba. Mwaka 1839 alieleza njia ya kuchora kwa nukta umbo la herufi za kawaida, ili asiyeona aweze kumwandikia anayeona, na kila herufi ilikaririwa kwa namba za mahali pa nukta zake.

Alikuwa mwalimu katika chuo kile kile, na mpiga kinanda makanisani. Lakini mwaka 1840 mkuu mpya wa chuo aliupiga marufuku mwandiko wake. Walimu wenye macho hawakupenda maandishi wasiyoweza kuyasoma wenyewe. Wanafunzi hawakutii, waliendelea kuandikiana kwa siri, na mwaka 1844 mfumo ulionyeshwa hadharani katika ufunguzi wa jengo jipya la chuo. Nionavyo mimi, watoto wale ndio waliouokoa, wala si wakubwa.

Kifua kikuu kilimdhoofisha kwa miaka mingi. Alifariki tarehe 6 Januari, 1852, akiwa na miaka 43, na miaka miwili baadaye Ufaransa iliukubali mwandiko wake rasmi. Mwaka 1952 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, Paris, wanakozikwa mashujaa wa taifa lile. Mikono yake ilibakizwa Coupvray.